Sauti Alizoziweka Ketsia

Hapa Kalemie, mtoto anayetaka kuingia darasa la kwanza hupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, aandikwe. Usipofika, arudi mwaka kesho. Mpaka leo hakuna aliyeniambia mkono na akili vilijuana wapi.

Ketsia, mtoto wa mdogo wangu Martine, alipimwa hivyo akiwa na miaka sita. Hapendi kuguswa kichwa. Direkteri Bertin, mkuu wa shule, alimkaza mkono kwa nguvu, mtoto akamuuma kidole, naye akaandika katika kitabu chake: hana akili. Wakati huo Ketsia hakuwa amesema neno tangu azaliwe.

Kisha akaanza kukua kwa njia yake. Mwaka wa saba alipanga vizibo vya chupa kwa kufuata herufi zilizo juu yake. Mwaka wa nane akawa anarudia matangazo ya redio, meli ya Kigoma na saa yake, bila kukosea. Mwaka wa tisa alisoma maandishi ya magunia, akasoma Biblia ya jirani. Kuvaa viatu, bado. Kuomba maji, bado. Akili yake ilikuwa inakuja kama treni ya Nyunzu, ikisimama ovyo porini, na watu wa shule walikuwa wameshafunga stesheni.

Ukoo wa baba yake ulikuwa umekata shauri: shule ikimkataa tena, Jumatatu anaingia chumba cha maombi, afungwe humo bila chakula mpaka uchawi umtoke. Chumba hicho nimekipigia kelele sokoni miaka mingi. Namkumbuka kila mtoto aliyetolewa humo amebebwa.

Ijumaa tukaenda shuleni, mimi, Martine na Ketsia, mpaka ofisini kwa direkteri, biro kama tunavyoiita.

“Papa Augustin, kumbe njo wewe,” Bertin alisema. “Politiki umeiacha kwa nyumba?”

“Nimeleta mutoto.”

“Namuona. Kidole changu pia kinamuona.”

Walimu wawili pale mlangoni wakacheka. Bertin akafungua kitabu cha zamani, akaukuta mstari wake.

“Iko imeandikwa. Miaka tatu haifuti wino.”

“Mutoto si wino, direkteri. Mupime leo.”

“Basi aguse sikio.”

Ketsia alitazama dari. Mikono ilibaki inaning’inia. Martine akamwomba kwa sauti ndogo, mara ya kwanza, mara ya pili. Bertin alikuwa ameanza kufunga kitabu mtoto aliposema, kwa sauti nzito ya mwanaume:

“Mama Martine, toa hii mbuzi kwa biro yangu. Uzae mwingine.”

Kikohozi kikafuata, kikavu, kile kile cha Bertin.

Walimu waliacha kucheka. Bertin aligeuka akatazama mlango, kama vile ameingia yeye mwenyewe mara ya pili. Nami nilimtazama Martine. Kwa miaka mitatu alikuwa akiniambia kwamba direkteri aliwakataa kwa heshima.

“Nani alimufundisha maneno hii?” Bertin aliuliza.

“Wewe,” Martine alijibu. “Alikuwa na miaka sita.”

Bertin akavuta kitabu kipya. Aliandika jina taratibu, kalamu ikikwaruza karatasi.

“Jumatatu, saa moja na nusu. Akae mbele.” Hakumtazama mtoto. “Na mumuambie asiseme tena ile.”

Woga ndio uliompa kiti. Haki nilikuwa nimeidai miaka mitatu. Nikakichukua kiti hivyo hivyo.

Njiani kuelekea mtaa wetu wa Kituku Ketsia hakunyamaza. Kama vile mlango ulikuwa umefunguliwa na wote waliokuwa ndani yake wanatoka kwa sauti zao. Akatoka bibi yake, akimlaani kwa Kitabwa. Akatoka baba yake, siku aliyofunga begi: “Huyu si damu yangu.” Martine alitembea mbele na beseni lake la ndagala, vile visamaki anavyouza, hageuki.

Halafu ikatoka sauti nyingine, ya mtu aliyezoea kusema mbele ya watu.

“Mupeleke kwa maombi, Martine. Tutafanya naye nini tena? Ni kama ukuta.”

Ilikuwa sauti yangu. Jumapili ile baada ya kipimo cha sikio, kwenye mkeka wa Martine, mtoto katikati yetu na vizibo vyake. Katika yote niliyoyakumbuka, hilo sikuwa nalo.

Nikasimama. Mtoto akapita, akilirudia neno la mwisho.

“Martine,” nikaita.

“Mimi sikusahau,” akaniambia mimi kaka yake, bila kugeuka. “Tembea, yaya. Iniforme ya shule bado haijashonwa.”