Ngoma Iliyokatwa Nyuzi

"Najua," alisema baba, kabla hajaambiwa kitu.

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Najua. Binti yake, bibi harusi wa Jumamosi, alitazama dirishani. Huyu mkaguzi wa tiketi mstaafu, ambaye ala pekee aliyowahi kuishika ni filimbi ya kusimamishia basi, alikuwa amewatangazia wakwe kwamba maharusi wataingia ukumbini kwa dramu zake mwenyewe. Wakwe wakapiga makofi. Mdomo ukawa umeshaponza kichwa.

Sasa makochi yamesukumwa ukutani, na katikati ya sebule imesimama seti ya dramu ya mtumba. Mama mdogo, mpiga dramu wa bendi tangu usichana wake, aliizunguka kama mnunuzi asiyeridhika.

"Shemeji, mbona ngoma kubwa umeigeuza?"

"Nimeandikisha jina langu kwenye ngozi. Lazima nilione."

"Na pedali ya kuipigia kwa mguu iko upande wa pili. Au mguu wako una kona?"

Baba aliigeuza ngoma, akinung'unika kwamba alikuwa anampima tu.

"Haya, hai-hati. Matoazi mawili yanayotazamana, unayafumba na kuyafumbua kwa mguu wa kushoto."

"Najua. Yalikuja yamekosewa, la chini limepinduliwa. Nimelirekebisha."

"Umeyapanga kama sahani kabatini. Tunapiga muziki au tunaandaa meza?"

Binti hakucheka. Akilini alimwona mama mkwe wake ukumbini siku ya harusi, ameinua simu, anarekodi.

"Piga hiyo ndogo, iliyo kati ya magoti. Hiyo ndiyo snea," alisema mama mdogo.

Baba akavuta pumzi, akapiga. Du. Ndoo ya kufulia ingelia vizuri zaidi. Mama mdogo aliinua ngoma, akachungulia chini yake.

"Nyuzi za chuma ziko wapi? Ndizo zinazoifanya ichachatike."

Kwa mara ya kwanza siku ile, baba hakusema anajua. "Zile za kufungia mzigo?" aliuliza polepole. "Nilizikata kwa koleo. Nikatupa."

Mama mdogo alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Baba," binti alisema, "mwachie mama mdogo apige. Usiniaibishe mbele ya watu."

Baba alikaa kwenye kiti cha duara cha mpiga dramu, vijiti mapajani.

"Kila harusi ya ukoo huu naambiwa, wewe kaa mlangoni, umezoea kukagua. Muziki nausikia kwa nyuma. Hata hii yako, kamati imeshaniuliza kama nitasimamia kadi." Alifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Nilitaka hii niwe ndani, mwanangu."

Binti alikumbuka kwamba ni yeye aliyewaambia kamati wamuulize. Aliondoka dirishani, akaja kusimama kando ya dramu.

"Kadi atasimamia mtu mwingine," alisema. "Mama mdogo, hawezi kupewa hata ngoma moja?"

"Ile kubwa tu. Mimi nitakuja na snea yangu, yenye nyuzi zake. Yeye akanyage pedali nikimwashiria kwa kichwa. Na jina litazame wageni, shemeji. Wewe umeshalisoma vya kutosha."

Baba alifungua mdomo kusema neno lake. Akaufunga, akasogeza kiti, akaitazama miguu yake.

"Nakanyagia upi?" aliuliza.