Tai Aliyeshuka Karamuni

Karamu ya Agosti ilikuwa imenoga, kondoo wanageuzwa juu ya makaa, pombe ya matofaa inamiminwa, mara tai akatua kati ya meza.

"Kaja kula na sisi!" Shangazi Obdulia, mchungaji wa kondoo, akapiga kelele. "Mpisheni kiti!"

Watu wakacheka. Sira hakucheka.

Miaka sabini milima iliyozunguka kijiji ilikaa bila tai mla-mifupa. Sumu ya kuulia mbwamwitu iliwamaliza. Mwaka huu makinda wawili waliletwa katika pango la mlimani, na Sira akaajiriwa kuwatelezeshea chakula kwa bomba, asionekane, kwa sababu tai aliyezoea watu haachiliwi porini. Hufungiwa maisha. Lakini kinda mmoja aligoma kula. Sira hakuweza kuvumilia. Aliingia pangoni, akamlisha kwa vidole, akambembeleza mpaka akapona. Hakumwambia mtu.

Fermín, mkuu wa mradi wa kuwarudisha tai, akasimama amekunja uso. "Nani alimlisha huyu kwa mkono?" Akamgeukia Obdulia. "Ni wewe, siyo? Nyinyi wachungaji mkikatazwa pango ndiyo mnafunga safari."

"Mimi? Na magoti haya? Fermín, glasi mbili tu zimeshakulewesha!"

"Na ile miguu ya kondoo uliyokuwa ukitoa?"

"Nilimpa Sira awapelekee! Sira, mwanangu, hebu mwambie."

Uso wa Sira ukawaka moto. Akainamia sahani yake. Obdulia akamngoja, tabasamu likififia. Kisha akaelewa, akatazama pembeni kama mtu aliyemfumania mwenzake uchi.

Fermín akanyata na wavu. Tai akaruka, akayumba, akatua juu ya nguzo ya umeme.

"Waya zile zitamuua!" mtu akapiga ukelele.

Sira akaokota mfupa mezani, akanyoosha mkono. Hakuhitaji hata kuita. Tai akashuka moja kwa moja, akatembea katikati ya watu hadi miguuni kwake, akafungua mdomo kama kinda. Kijiji kizima kikaona.

Akamfunika kwa koti. Ndege hakupapatika hata kidogo. Alitulia kifuani kwake, joto tupu.

"Mlete garini," Fermín alisema taratibu. Hakumkaripia. Sira angetoa chochote akaripiwe. Badala yake Fermín alivua kofia, akamwendea Obdulia kumwomba radhi, na Sira akabaki amesimama, mikono imejaa, akisikiliza mtu mwingine akiyasema maneno yaliyokuwa yake.