Leoncia na Dirisha la Cedes

Kwetu Sinait, kaskazini mwa Ufilipino, ambako vitunguu saumu huning'inizwa hadi juu ya vitanda vya maharusi, mtu akiitwa bahili husema asante. Kwa hiyo si jambo dogo kwamba Leoncia Tabios, mke wa Metring, aliwafanya watu wa Sinait wenyewe washike vichwa.

Ilianza mwishoni mwa Oktoba, kwa simu ya Metring kutoka Taiwan. Metring alikuwa na mwaka wa tatu huko, kwenye kiwanda cha skrubu, akilala bwenini na wanaume kumi na mmoja waliokuwa wakikoroma kwa zamu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Aprili. Ifikapo Machi kiwanda kingetaka jibu: unabaki miaka mitatu mingine, au unakwenda zako.

"Pesa ya pawatila ikitimia, narudi," alimwambia mkewe, ambaye kwa mapenzi humwita Onsing. "Isipotimia, nasaini. Maana nikirudi hivihivi nitalima na nini, Onsing? Na kucha?"

Pawatila iliyokwisha tumika, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, ilikuwa peso laki moja. Walikuwa na elfu arobaini. Metring akiwa nayo angelimia nusu ya kijiji kwa malipo, asiende ng'ambo tena mpaka azeeke. Leoncia alikuwa na miaka thelathini na mitano, na mtoto hawajapata, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyegundua namna ya kumpata kwa simu.

Kila mwezi mume alituma elfu kumi na tano. Ili laki itimie, elfu kumi zingelazimika kulala sandukuni zisiamke. Lakini kila mwezi zilikuwa zinabaki tatu, na Leoncia hakujua nyingine zinakwenda wapi. Hakuwa amenunua dhahabu. Hakuwa amenunua hata gauni la Krismasi.

Kesho yake asubuhi akafagia uwanja, ndipo akamwona mwizi.

Vipakti. Vile vifuko vidogo vya plastiki: kahawa ya kikombe kimoja, shampuu ya kichwa kimoja, sabuni ya ndoo moja, mafuta ya kukaangia ya yai moja. Vilikuwa chini ya migomba, kando ya kisima, ndani ya kiota cha kuku. Akaokota mpaka mgongo ukalia. Alipovipanga kwa mstari kutoka mlangoni, mstari ukatoka uwanjani, ukavuka barabara, ukafika wenyewe chini ya dirisha la Manang Cedes.

Manang Cedes alikuwa na duka upande wa pili wa barabara, dirisha lenye wavu na vipakti vikining'inia minyororo minyororo kama mapambo ya harusi. Alikuwa amekaa ndani, mnene na mchangamfu, akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Ading, unanipangia zulia jekundu?" akauliza, kwa kuwa kwetu mdogo huitwa Ading na dada mkubwa Manang. "Au umeamua kunisaidia kufagia?"

"Nahesabu siku za mume wangu, Manang. Naona ulikuwa unaniuzia moja moja."

"Basi leo nikupe ipi? Kahawa?"

"Leo sinunui. Na kesho sinunui. Mpaka Metring ashuke kwenye gari hapo, sinunui."

Cedes akacheka mpaka minyororo yote ikatikisika. Leoncia akavikusanya vipakti kwenye gunia, akarudi ndani, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kuzima moto.

Kumbe alikuwa anakwenda kuuwasha. Kiberiti nacho kilikuwa kinatoka kwenye lile dirisha, kwa hiyo akakoka magunzi ya mahindi siku ya pili ya Novemba kwa njiti ya mwisho, na tangu siku hiyo kaa halikufa jikoni kwake. Usiku analifukia majivuni, alfajiri analipuliza. Moto ule ulizaliwa Novemba, ukala Krismasi, na kufikia Februari ulikuwa umezoea nyumba kiasi kwamba Leoncia akikohoa tu, unawaka.

Kahawa ikawa ni mchele uliokaangwa mpaka ukawa mweusi. Mboga ikawa ni uzio: mlonge upande wa mashariki, mlenda upande wa magharibi, na maboga yakipanda juu ya paa bila kuulizwa. Siki alikuwa nayo ya muwa, tungi zima. Samaki wadogo wa mfereji aliwatia chumvi wakachachuka, na tone moja la maji yake lilitosha kukoleza sufuria. Maji ya kuoshea mchele yalipikia mboga, au yaliosha vyombo, au yalinywesha nguruwe, na siku nyingine yalifanya yote matatu, wala nguruwe hakulalamika. Na nywele akaosha kama bibi zetu, kwa majivu ya mabua ya mpunga yaliyolowekwa na kuchujwa. Nywele zilimeremeta hata kuku wakawa wanakuja kujitazama.

Mtu wa kwanza kukasirika hakuwa Cedes. Alikuwa mama mkwe, Nana Epang, ambaye waliishi naye nyumba moja.

Nana Epang alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa hamsini kati ya hiyo ndiye aliyekuwa bahili mkuu wa upande ule wa mto. Watu walikuwa wakimtolea mfano. Sasa akienda kanisani anasikia wanamtaja mkwewe.

"Wewe," akamwambia Leoncia juma la pili, amesimama jikoni na fimbo yake. "Nani kakuruhusu?"

"Kuruhusu nini, Nanang?"

"Mimi nilipasua njiti moja ya kiberiti mara nne kwa wembe wakati wewe hujazaliwa! Hili jina nimelitafuta kwa jasho. Leo unakuja na kitambaa chako kichwani unalichukua kama taulo kwenye kamba?"

"Nanang, mimi namtaka mwanao. Jina baki nalo."

Bibi akashusha fimbo. Akamtazama mkwewe, akatazama lile kaa linalowaka lenyewe.

"Balbu ya ukumbini," akasema mwishowe, "ya nini?"

"Ya kuonea."

"Barabarani kuna taa. Umeme wake analipa meya."

Kuanzia jioni ile Nana Epang alimenyea vitunguu saumu barazani, chini ya taa ya barabara. Redio yao akaipa likizo, alisikiliza ya jirani ukutani, na ikija taarifa ya habari alipiga kelele, "Ongezeni sauti, kuna watu huku!" Nao wakaongeza, wakidhani bibi hasikii vizuri. Kitu kimoja tu Leoncia hakukubali kiguswe: vidonge vya presha vya mama mkwe. Hivyo vilinunuliwa kila mwezi kwa bei yake, katika duka la dawa la mjini. Bibi alipojaribu kukikata kimoja nusu, Leoncia alimnyang'anya kisu.

"Ukifa nitalisha watu wa mazishi siku tisa za sala," alimwambia. "Unajua gharama yake?"

"Haya, lete maji," akasema Nana Epang, akameza kizima.

Kila mwezi elfu kumi zikaingia sandukuni, zikalala. Hata Desemba, walipokuja wale wa kuimba nyimbo za Krismasi, Leoncia aliwapa boga. Mwimbaji wa sauti nyembamba ndiye aliyelibeba, na tangu hapo hakuweza kupanda juu kwenye wimbo.

Cedes sasa alikuwa hajipepei tena. Yeye hakuwa mtu mbaya, ila duka ni duka, na nyumba ya mtu aliye ng'ambo ndiyo iliyokuwa inalipia umeme wa friji lake. Mpwa wake Rogel alikuwa kule Taiwan, kiwanda kilekile, bweni lilelile. Kila Jumapili Cedes alizungumza naye kwa video, na kila Jumapili akamtilia neno. Mwanzo alisema Leoncia hanunui shampuu. Jumapili iliyofuata, kwamba anaosha nywele kwa majivu. Neno lilipovuka bahari likanenepa, na lilipofika bwenini likawa: mke wa Metring na mama yake wanakula majivu.

Jumamosi moja ya Machi, mchana, Leoncia akiwa anachuma mlonge kwa ngazi, simu yake ikalia mlio mmoja. Ujumbe.

*Nimesikia yote. Nasaini leo saa tisa. Nunueni chakula.*

Akausoma mara mbili. Jua lilikuwa limeshapita kichwani. Salio lake lilikuwa sifuri tangu Oktoba. Kupokea ndiko kulikokuwa bure. Akaitupa ngazi, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, pikipiki ikamkwepa ikaingia kwenye maboga.

"Manang Cedes! Mpigie Rogel."

Cedes aliinuka taratibu. Kwa uso wa Leoncia alijua kilichotokea, na hakuwa na pa kujificha. Dirisha lile ndilo tu alilokuwa nalo.

"Bando, Ading, ni pesa..."

"Maneno yako ulinipelekea bure. Na yangu yapeleke bure."

Cedes akapiga. Kwenye kioo akatokea Rogel, kifua wazi, nyuma yake vitanda vya ghorofa na nguo zinazokauka. "Mpe Metring," Leoncia akasema, na uso wa mume wake ukaja, umekonda, macho mekundu.

"Onsing, usiniambie kitu. Huku wananiita mume wa mla majivu. Meneja mwenyewe kaniuliza kama mshahara haunitoshi. Mimi nimeacha kwetu ili mama yangu ale majivu?"

"Subiri hapo."

Akaibeba simu ya Cedes, akavuka nayo barabara, na Cedes akamfuata mbiombio akipiga kelele, "Simu yangu! Shika kwa mikono miwili!" Leoncia akaielekeza barazani, kwa Nana Epang, aliyekuwa katikati ya sahani ya wali na mlenda na samaki wa kuchoma.

"Nanang, mwanao anasema una njaa."

Bibi akasogeza uso mpaka bwenini wakaona pua tu. "Nani ana njaa? Hii sahani ya tatu! Wewe ndiye mfupa mtupu. Huko wanakulisha skrubu?"

Nyuma ya Metring wakasikika wanaume wakicheka.

"Nanang, watu wanasema..."

"Kusema ni bure," Leoncia akadakia. "Ndicho kitu pekee cha bure mtaa huu ninachokataa kutumia. Nisikilize, Metring. Elfu tisini zipo. Mshahara wa Aprili ukiingia ni laki. Mwenye pawatila nimeshamwona, kaniahidi hamuuzii mtu mpaka Mei. Hatujalala njaa hata siku moja. Hatujanunua takataka, basi. Ukisaini hiyo karatasi kwa ajili ya shampuu, utakuwa umeniuza kwa kipakti."

"Lakini majivu, Onsing..."

Akakivuta kitambaa kichwani. Nywele zikashuka hadi kiunoni, nyeusi, nzito, na jua la mchana likazipiga. Bwenini vichwa vyote kumi na viwili vikasongamana kwenye kioo. Mmoja akapiga mluzi, na Metring akageuka kumtafuta.

"Tazama vizuri," Leoncia akasema. "Ukitaka kuzinusa, zipo huku. Saa ngapi huko?"

"Saa tisa kasoro dakika nne."

"Karatasi iko wapi?"

"Ninayo. Ina sehemu mbili, nabaki na narudi."

"Kalamu ya nani?"

"Ya kiwanda."

"Vizuri. Tia alama, nikiona."

Metring akaiweka karatasi juu ya kitanda. Akashika kalamu. Akainama, kisha kioo kikaganda: kalamu hewani, mdomo wazi, na juu ya karatasi kivuli tu.

"Bando limekwisha," Cedes akasema.

"Weka jingine."

"Ading, nimeshakupa langu lote. Jingine litoke dukani, na dukani ni pesa."

Nana Epang akaacha kutafuna. Kalamu ilikuwa bado hewani, na ilikuwa inaweza kuangukia upande wowote. Leoncia akaingiza mkono kiunoni, akafungua fundo, akatoa noti ya peso ishirini iliyolainika kama kitambaa, akaibandika kwenye kiganja cha Cedes.

"Robo saa," akasema. "Haraka."

Cedes alikimbia kama hajawahi kuwa mnene. Aliporudi akabonyeza tarakimu za vocha moja moja, na kioo kikazunguka, kikazunguka, kikafunguka.

Metring alikuwa ameishika karatasi mbele ya uso wake. Alama ilikuwa kwenye narudi, kubwa, imepasua karatasi kidogo. Bwenini walikuwa wanapiga sufuria.

"Umeona?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Basi nampelekea meneja. Kwaheri, Onsing, tusimalize bando la watu."

"Wewe!" Leoncia akamfokea. "Rogel ndiye ampelekee. Hili bando nimenunua mimi, na zimebaki dakika kumi na tatu. Kaa hapo uzitumie zote."

Metring akakaa kitandani. Leoncia akakaa kwenye ngazi ya baraza, nywele zimemwagika mabegani, akaiegemeza simu gotini.

"Haya," akasema. "Anza. Leo umekula nini?"