Kifuatiliaji Kilichojifuatilia

Alhamisi, 18 Septemba 2014. Ottawa iliamka na manyunyu ya baridi. Orrin Lindqvist aliingia ukumbini, kwenye mkutano wa waandishi wa programu, koti likimchuruzika, akaketi safu ya nyuma, akamtazama Teodora Paszek akipigiwa makofi.

Orrin alikuwa fundi wa karakana aliyejifunza kompyuta katika masomo ya jioni, nywele zikiwa zimeshaanza kuota mvi. Kwa miaka kumi na moja alitunza chombo chake cha kufuatilia mwenendo wa kompyuta: nini kimekwama, wapi, kwa nini. Chombo hicho kiliishi nje ya kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine nzima. Kila toleo jipya la kiini lilipotoka, kilivunjika, naye akakishona upya. Mara tatu aliomba kiingizwe ndani. Mara tatu wasimamizi wa kiini walimjibu, "Tukikupa mlango wa kuingilia kiini, watu watauzoea. Hatutaweza kuufunga tena."

Leo Teodora, binti wa miaka ishirini na tisa, aliomba hicho hicho kwa kifuatiliaji chake.

"Natumia milango mliyoiacha wazi wenyewe," alisema. "Siongezi hata mmoja."

"Huyu kaja na funguo. Orrin alikuja na nyundo!" mtu alitania. Ukumbi ukacheka. Orrin naye akacheka, meno tu. Kifuatiliaji cha Teodora kikipita, chake hakuna atakayekihitaji tena.

Lakini alijua jambo. Jumanne, akisoma programu ya yule binti, aliona kosa: ukikiagiza kifuatilie kazi yake chenyewe ya kuandika kumbukumbu, kitaandika kwamba kimeandika, kisha kitaandika hilo nalo, bila kikomo, mpaka mashine igande. Alifunga kompyuta asimwambie mtu. Kiingie, aliwaza. Kigandishe mashine za watu. Ndipo watanikumbuka.

"Kuna pingamizi?" aliuliza Gwen Achterberg, msimamizi wa kiini. "Kama hakuna, nakipokea."

Bwana, nishike ulimi, Orrin aliomba. Akalionea aibu ombi lake, akaomba kinyume chake.

Akasimama. "Binti, kiagize kijifuatilie chenyewe."

"Nani atafanya ujinga huo?"

"Mimi nilifanya. Mwaka wangu wa pili."

Teodora aliandika amri. Picha ya kompyuta yake ukutani ikaganda. Hata mshale haukusogea.

"Umeliona kosa hili sasa hivi?" aliuliza Teodora.

"Jumanne."

"Jumanne! Leo Alhamisi, mzee. Ulikuwa unangoja nianguke?"

"Ndiyo. Nilikuonea wivu. Bado nakuonea."

Gwen akavua miwani. "Rekebisha, Teodora, ulete tena. Ila hakiingii mpaka mtu wa pili aweke jina kwamba amekikagua. Kikiharibu, lawama ni yake pia. Nani?"

Watu wakainamia simu zao.

"Yeye," alisema Teodora, akimnyooshea Orrin kidole. Uso wake bado ulikuwa umewaka hasira. "Hilo shimo alishatumbukia. Analijua."

Orrin alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Nitakikagua mstari kwa mstari," alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia. "Ukishakirekebisha, jina langu nitaliandika chini ya lako."