Wamama wa Kwaya Wamefunga kwa Ajili Yangu

...na hii jeli mbona baridi hivi, wangeianika kidogo, jua la Rumonge ni la bure, lakini nyamaza Jovita, lala, mkono juu ya kichwa kama alivyosema dokta Josias, yeye anasukuma kidude chake juu ya titi langu la kulia, hili moja nililobaki nalo, anatazama skrini, hasemi, anarudi palepale penye uvimbe, hasemi... madaktari wangefundishwa hata kuguna, mguno mmoja tu, mtu ajue. Jumatatu nilikuwa naoga, kidole kikakutana nacho, kagumu, kama punje ya harage, maji yanamwagika na mimi nimesimama, nikasema tena? tena jamani, na huyu wa tumboni ana miezi minne? Miaka mitatu sasa tangu kansa, tangu wanikate lile la kushoto, na zile dawa za kudungwa mshipani zikaning'oa hadi nyusi, halafu kila asubuhi kidonge cha kuzuia isirudi, mpaka siku nilipomwambia dokta nataka mtoto, nikadhani atanifukuza, naye akahesabu kwa vidole, akasema tukisimamishe kidonge, mngoje miezi mitatu mwili ujisafishe, ndipo mjaribu, na Nestori wangu akauliza kujaribu ni mara ngapi kwa wiki... nilitaka ardhi inimeze, mwanaume huyo. Leo dokta kasema mashine hii haimdhuru mtoto, kasema wakati wa mimba titi hujipanga, mara nyingi ni maziwa tu, lakini kwa mtu kama wewe, mwalimu, hatukisii, tunaangalia. Basi angalia, baba, angalia. Nyuma ya pazia mama mkwe anakohoa, Mama Elda, mtu wa Uvira, ndiye aliyenikataza kuitangaza mimba, haisemwi, mukwe wangu, watu wako na macho mabaya, ufiche mpaka ijiseme yenyewe, nami nikajifunga vitenge viwili, nikatapika nyuma ya darasa, nikaenda hospitali kila mwezi, kimya, na wamama wa kwaya wakaona mtu anatapika, uso umekonda, haishi hospitali, wakajumlisha... wangekuwa wanafunzi wangu ningewapa sifuri, wakasema kansa imerudi. Leo siku ya tatu wamefunga, wote kumi na wanne, hata Sabine mwenye vidonda vya tumbo, jana kanishika mkono sokoni akalia, mimi kapuni nina samaki watatu, mukeke wa kukaanga, wote wangu, yeye hajaonja hata maji, na ulimi unaniwasha kumwambia dada, nenda kanywe uji, nikasema murakoze, asante tu, nikaondoka. Kwa nini nilinyamaza? Macho ya watu, ndiyo... uongo, Jovita, macho hukuyaogopa. Niliogopa nikisema nitafurahi, na nikifurahi nitanyang'anywa, ndiyo maana neno lenyewe sijalitamka hata mara moja, hata Nestori nilimwonyesha karatasi ya vipimo tu akaisoma mwenyewe. Wenzangu wanashinda njaa kwa msiba ambao haujabisha hodi, na mimi nashinda na furaha nimeinyima chakula, nani mjinga hapo? Hata kama kipo kitu, hata dokta akigeuka sasa hivi na lile neno lake la kansa, tutatibu, aliniambia hata mwenye mimba hutibiwa, na mtoto bado atakuwepo, yupo, miezi minne yupo na hajaimbiwa hata wimbo mmoja, na mama yake ni sauti ya kwanza kwenye kwaya, aibu gani hii... kicheko kinanipanda, nakibana, kinatokea puani, skrini nzima inatikisika.

“Mwalimu, tulia. Unacheka nini?”

“Niko na mimba, dokta.”

Ananitazama, si ndiye aliyeiandika kwenye ile karatasi, nami narudia kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la mwisho, niko na mimba, ya miezi minne, Mama Elda anaacha kukohoa, kwenye benchi huko nje mtu nisiyemjua anapiga kigelegele, na dokta anatikisa kichwa, anarudi palepale penye uvimbe, anatazama, bado hasemi, na asiseme kwanza, mimi nimeshasema.