Jawabu la Shavu

Siku Bi Mahfudha alipolitia shavu la Bi Mwanabaraka katika nyimbo, Khairiya alikuwa amesimama nyuma ya Bi Mwanabaraka huyo, shangazi yake, amemshikia mtandio, macho yake yako kila mahali. Ilikuwa arusi ya Kibokoni, mwaka wa pili baada ya uhuru. Ua lilikuwa limejaa wanawake, mabuibui yametundikwa ukutani, na vugo, ile ngoma ya pembe ya wanawake, limepamba moto. Makundi mawili yalikuwa yakikabiliana, kila mwanamke na pembe yake ya nyati akiigonga kwa kijiti, na wakuu wao wakirushiana beti. Bi Mahfudha, mwembamba kama uzi wa kushonea kanzu, akasogea mbele huku akiivuta leso yake kiunoni isianguke, akaimba:

*Nyumba imeshabonyea, ukuta wa kushotoni,*
*Fundi gani atatia, boriti humo shimoni?*

Wanawake wakacheka mpaka pembe zikapoteza mwendo. Bi Mwanabaraka, ambaye tangu ashike pembe ya mbele hajawahi kukosa jawabu, alifungua kinywa. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukafunika shavu la kushoto. Ubeti haukutoka. Khairiya aliuona ule mkono, na akaona kuwa wenzake nao wameuona.

Shavu lile liliharibiwa na jino. Jino lilioza likafanya jipu, jipu likapasuliwa hospitali, na lilipopona lilikuwa limekwisha kula nyama yote ya ndani. Pakabaki shimo la kuingia ndimu.

Na vugo lina desturi yake. Mkuu wa kundi akishindwa kujibu mara moja, husamehewa. Akishindwa arusi ya pili, wenzake humjia kwa heshima zote na sinia ya kahawa, wakamwomba ampe mwengine pembe ya mbele. Arusi ya pili hiyo haikuwa mbali wala haikuwa ya watu baki. Alikuwa akiolewa binti yake mwenyewe Bi Mwanabaraka, na bwana arusi, Aidarus, alikuwa mpwa wa Bi Mahfudha. Yaani vugo la Bi Mahfudha lingekuja mpaka ndani ya ua wake.

“Mimi sitafuti urembo,” Bi Mwanabaraka alimwambia Khairiya walipofika nyumbani Kuze. “Urembo nilikuwa nao, nikautumia, alhamdulillahi. Nataka mkono huu ukae na pembe, usikae na shavu.”

Kakake, baba yake Khairiya, aliyekuwa akisomesha Kurani chuoni, aliulizwa kama yafaa. Akafikiri, akasema kuwa kutengeneza kilichoharibika si sawa na kugeuza alivyoumba Mungu. Basi shangazi akavaa buibui lake jipya, akamchukua Khairiya, wakashika njia ya Barabara ya Salim.

Daktari Noronha alizaliwa Makupa, akaenda ng'ambo kusoma, akarudi na elimu ya kutengeneza nyuso za watu walioungua. Chumba chake kilikuwa ghorofani. Alilibonyeza lile shavu taratibu, nje na ndani, kisha akaketi.

“Nina njia tatu, Bi Mwanabaraka, na zote ni sindano. Ya kwanza ni nta. Huyeyushwa, hutiwa chini ya ngozi, ikapoa ikaganda. Ni ya zamani, na mimi siipendi, kwa sababu huweza kufanya vinundu. Ya pili ni silikoni, mafuta mazito ya kiwandani. Haya ni mapya, ng'ambo wanayasifu, na hayapungui. Lakini wako madaktari wanaosema huweza kuhama yakateremka, na kuyatoa ni kazi kubwa.”

“Na ya tatu?”

“Ya tatu ni mafuta yako mwenyewe. Nayavuta kwa sindano nene pale penye akiba, nakutia shavuni. Mwili hauwezi kuyaona mageni. Ila nao utajilia sehemu yake. Baada ya miezi kadhaa huenda ikabaki nusu, tukarudia.”

“Pale penye akiba ndipo wapi?”

Daktari akaitazama kalamu yake. Muuguzi Auma, mwanamke wa Kisumu asiyejua kuzungukazunguka, akajipiga kofi la makalio, pa!

“Hapa, mama.”

“Subhanallah!” akasema Bi Mwanabaraka, akashika buibui lake kwa mikono miwili kama aliyesikia mwizi.

Daktari akamwambia aende akafikiri. Wakateremka ngazi, wakapita sokoni, wakaingia vichochoro vya Mji wa Kale. Khairiya hakumuuliza shangazi yake ameamua nini. Alikuwa msichana wa kungoja. Alisoma mpaka darasa la saba, akakaa nyumbani akishona kofia za vito, zile za kutariziwa tundu kwa tundu, na kofia humfundisha mtu kuwa tundu haliharakishwi. Beti zote za shangazi yake alikuwa nazo kichwani, lakini hakuwahi kuimba hata mmoja mbele za watu.

Nyumbani shangazi akavua viatu, akakaa juu ya mkeka, akapiga mkeka kwa kiganja.

“Njoo ukae. Leo wewe ndiwe Bi Mahfudha.”

“Mimi, Shangazi?”

“Hapana siri katika mji huu. Nikichomwa sindano asubuhi, jioni yeye keshapata wimbo. Basi kila sindano uitungie tusi lake, nami niitafutie jawabu. Ile nitakayoweza kuijibu, ndiyo hiyo nitakayochomwa.”

“Shangazi, nikutukane mimi?”

“Kwa mizani, mwanangu. Tusi bila mizani ni ugomvi wa bombani.”

Khairiya akainamisha kichwa, vidole vikihesabu kama vyahesabu nyuzi. Akaanza na nta:

*Mshumaa hauketi, juani ukasalia…*

Bi Mwanabaraka akatikisa kichwa. “Niseme nini? Kuwa nitatembea na mwavuli? Hii itupe. Lete ya silikoni.”

*Mafuta ya gari bovu, yamehamia shavuni…*

“Ala! Nikavutwe gereji Shimanzi na malori mengine!” Alicheka, lakini cheko lile halikufika machoni. “Hata hili sina jawabu lake. Mafuta si yangu, kiwanda si changu, nitajivunia nini? Haya, lile la fedheha.”

“Hilo siwezi, Shangazi.”

“Utaweza.”

Khairiya akajifunika leso uso mzima, akaimbia ndani yake:

*Kilichokaliwa jana, leo chatoa salamu,*
*Mkono tutapeana, kubusu kwetu haramu!*

Khairiya akachungulia kwa jicho moja akitaraji kofi. Shangazi yake alikuwa ameegemea ukuta, tumbo lamtetemeka kwa cheko, machozi yamtoka, na mkono uko kwenye tumbo, hauko kwenye shavu.

“Mtoto laana wewe!” akasema alipopata pumzi. “Ulikuwa wapi siku zote? Hilo! Hilo ndilo. Tusi linalomchekesha mwenyewe ndilo lenye jawabu.” Naye akakaa sawa, akafumba macho, akalitoa jawabu lake palepale, zima, kama maji ya mtungi.

Walipomrudia daktari, aliuliza ni kwa nini amechagua njia ya tatu.

“Kwa kuwa nina jawabu lake,” akasema Bi Mwanabaraka. Daktari alidhani hajasikia vizuri, lakini akachemsha sindano zake.

Siku zilizofuata shangazi alikaa upande, kisha akalala kifudifudi, akimlaani daktari, Auma, na jino lililoanzisha yote. Uvimbe ulipopungua, akatazama kwenye kioo. Shavu lilikuwa limejaa. Akalitazama tena akiwa amegeuka kidogo, akasema, “Haya. Sasa habari ziende.”

“Ziende wapi?”

“Kwa Bi Mahfudha. Ukificha, ataokota la kwake. Mpe la kwetu.”

Khairiya akaenda kwa Mwanakhamis, muuza mahamri wa pembeni mwa msikiti, ambaye siri ikiingia sikioni mwake hutoka na moto kuliko mahamri. Akamnong'oneza. Mwanakhamis akaacha karai lake linaungua.

“Kutoka huko? Wallahi? Na yatakaa?”

Khairiya hakuzoea kusema uwongo. “Daktari asema yatapungua,” akasema, na neno lilipokwisha toka akajua kuwa amempa adui kisu cha pili.

Hakumwambia shangazi yake. Alirudi kwenye kofia yake, na kila alipopitisha sindano alipitisha neno. Alitaka jawabu la kisu kile liwe tayari. Akapata vipande vitatu vya ubeti. Cha nne, kile cha kufunga, kilikataa kuja mpaka siku ya arusi yenyewe.

Siku hiyo vugo la kwa Aidarus lilisikika tangu mwisho wa kichochoro. Likaingia uani. Bi Mwanabaraka alisimama mbele ya watu wake, kichwa wazi, nywele zimetiwa asmini, shavu la kushoto limeelekezwa kwa wageni makusudi. Nyuma yake, kila mmoja wa wenzake alikuwa akingoja kuona kama kesho kutapikwa kahawa ya ile sinia.

Bi Mahfudha akaivuta leso yake kiunoni, akatabasamu, akaanza. Na lo, maneno yalifanana na yale ya Khairiya kama ndugu wa tumbo moja: jana kilikaliwa, leo chasalimia watu, na kukibusu ni haramu. Ua likalipuka. Waliokaa wakasimama na waliosimama wakaangukiana. Bi Mwanabaraka akangoja cheko likawie, liishe lenyewe. Hapo akagonga pembe:

*Nyumba yangu sikuhama, chumba nimebadilisha,*
*Changu si cha kuazima, cha watu sikujivisha!*

Vigelegele! Wenzake wakagonga pembe kama waliofunguliwa kamba. Lakini Bi Mahfudha hakurudi nyuma. Aliinua kijiti, akatoa kisu cha pili:

*Hayo yako ni ya muda, hayafiki Ramadhani,*
*Shimo lina yake ada, hurejea mashavuni!*

Jawabu la hili Bi Mwanabaraka hakuwa nalo. Khairiya aliona mabega ya shangazi yake yakikaza. Aliuona mkono wa kushoto ukianza kupanda. Na hapo hapo alimwona Bi Mahfudha akiivuta tena ile leso, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia, mbele wala nyuma. Kipande cha nne kikaja.

Hakuomba ruhusa. Akapita mbele, akaushika ule mkono kabla haujafika shavuni, na sauti ambayo watu wa Kuze hawajapata kuisikia ikatoka:

*Yakipungua twachota, kisima chetu ki tele,*
*Nawe kata ukileta, nyuma huna wala mbele!*

Kisha Bi Mwanabaraka, taratibu, kwa madaha ya mtu anayeonyesha shamba lake, akageuka akawapa wageni mgongo ili wakione kisima.

Waliokuwa barabarani walisema baadaye kuwa walidhani ukuta umeanguka. Mabibi wazima walikaa chini. Mwanakhamis alilia. Na aliyeanza kuweka pembe chini alikuwa Bi Mahfudha mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kucheka na kuishika kwa pamoja. Akavuka ua, akaligusa lile shavu kwa kidole, kisha akambusu papo hapo, haramu isiwe haramu.

“Li laini, wallahi,” akasema. Akashusha sauti. “Daktari huyo akaa wapi, dadangu?”

“Barabara ya Salim, ghorofani. Lakini anza na wali wa nazi, Bi Mahfudha. Sasa hivi hana pa kukuchoma.”

Kisha akamgeukia Khairiya, aliyekuwa bado amemshika mkono na hajui auweke wapi. “Na huyu ni mtoto wa ndugu yangu,” akawaambia watu wote, kwa sauti ya kupitiliza ukuta. “Mutamjua!”

Akamtwalia pembe kutoka kwa jirani, akamtia mkononi. Vugo likaanza upya. Watu wa Kuze waliingia chumba cha bibi arusi wakiwa na wakuu wawili mbele, na mikono yote minne ilikuwa na kazi ya kugonga pembe.