Mzee Sotudeh Alisubiri Kuombwa Tena

Mimi siingilii mambo ya wakubwa. Muulize yeyote katika ujumbe wetu wa Irani hapa hotelini Vienna: Golnar humimina chai, huokota glasi, basi.

Siku ya kumi na saba ya mazungumzo ya nyuklia, Bwana Haskell, Mmarekani aliyeletwa juzi baada ya mwenzake kuugua, alifunga faili. "Mzee Sotudeh, niwaombe wakubwa wangu siku mbili zaidi? Tumebakiza suala la wakaguzi tu."

Mzee wetu akaweka mkono kifuani. "Hapana, hapana, tusikusumbue. Tumeshakuchosha."

"Sawa," akasema Haskell, akatoka.

Sawa! Jamani, nani anakubali hapana ya kwanza? Kwetu hata dereva wa teksi huikataa nauli yake kwanza, nawe unamsihi mpaka apokee. Mzee alibaki kitini akiutazama mlango kama bwana harusi aliyesahauliwa ukumbini.

"Mfuate, mzee," nikamwambia.

"Nimfuate? Mimi ombaomba? Atarudi mwenyewe."

"Yuko juu anafunga sanduku."

"Na afunge." Akainua glasi anywe. Ilikuwa tupu, maskini, wala hakugundua.

Mama yangu anaishi Natanz, karibu na mitambo ya kurutubisha urani. Haya mazungumzo yakivunjika, zinazofuata ni ndege za mabomu. Kila mtu hotelini alilijua hilo. Nikabeba trei, nikapanda ngazi mbilimbili.

Haskell alikuwa anakunja shati. "Bwana, yule mzee hajakataa."

"Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Ile ilikuwa adabu tu. Muulize tena. Akikataa, muulize tena, mpaka mara tatu."

"Na akikataa ya tatu?"

"Hapo funga sanduku lako. Ila mimi hujaniona."

Akashuka. Nikamfuata, nikatega sikio nyuma ya mlango. Mzee akaulizwa, akakataa. Akaulizwa tena, akakataa, lakini kwa sauti laini. Akaulizwa tena. Mara ya tatu hiyo.

"Basi, kwa heshima yako," akasema mzee, "siku mbili."

Haskell alipokwenda kupiga simu, mzee akaniita, tabasamu mpaka masikioni. "Umeona, binti yangu? Kijana ana malezi yule! Sijui kafunzwa na nani."

"Na mama yake, bila shaka."

Haskell akachungulia mlangoni, simu ingali sikioni. "Wamekubali!" Kisha akanigeukia, vidole vitatu juu. "Golnar, nilihesabu sawasawa?"